Dada unayehamia Texas: kadi ya watoto ya Minnesota haivuki mpaka

Simama hapo hapo, dada. Usilipie lori la kuhamia bado.

Umeandika kwamba mnatoka Minneapolis kwenda Houston mwezi ujao, mumeo kaahidiwa kazi ya malori ya dola 75,000 kwa mwaka, watoto wawili wana Medical Assistance, yaani Medicaid ya Minnesota, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mdogo ana pumu, na kadi zao "ni za mwaka mzima, kwa hiyo zitatusogeza mpaka Agosti". Halafu ukauliza habari za shule, kodi ya nyumba na gari. Shule zipo, nyumba zipo. Hilo la kadi ndilo lililonitoa kitandani.

Kadi hizo zinakufa mkihama. Hazingoji Agosti. Pesa ya Medicaid inatoka serikali ya shirikisho na jimbo kwa pamoja, lakini anayeiendesha ni jimbo, na jimbo ndilo linaloamua nani aingie. Mtoto akishakuwa mkazi wa Texas, Minnesota haina habari naye. Sheria ya miezi 12 ipo kweli: tangu Januari 2024 kila jimbo linatakiwa kumwacha mtoto kwenye bima mwaka mzima hata kipato cha wazazi kikipanda katikati. Ila kuna mambo yanayoikata, na mojawapo ni kuhama jimbo. Barua ya bima inakuandikia "miezi 12" mahali pa kuonekana, hayo mengine uyatafute mwenyewe.

Na najua umeyapata wapi, maana kila mji wenye Waswahili una mtu huyo. Wa kwetu St. Paul alikuwa mzee mmoja wa jumuiya, anajazia watu fomu, anaongea kama wakili, tai anavaa mpaka kwenye nyama choma. Alinishika bega akasema, "Kijana, hii ni bima ya Marekani, siyo ya Minnesota." Nikamnunulia na soda. Leo nikimkumbuka natamani nirudishiwe ile soda.

Basi tukahamia Fort Worth, wote kwa mkupuo, kadi mfukoni. Kwa kuwa nilikuwa na "bima", sikumjazia mtoto hata mmoja fomu za bima ya kazini nilipoajiriwa. Nilijua nini? Makato ya familia nzima yalikuwa makubwa, nikajiona mjanja nimeokoa hela. Mama watoto ndiye aliyeshtuka, alipompeleka binti kliniki wakamwambia kadi haisomi. Nikaomba bima ya watoto ya Texas. Kipato kimezidi. Nikaenda kwa HR, dada wa ofisi ya wafanyakazi wa kampuni niliyokuwa nafanyia kazi. Akatazama kompyuta, akatabasamu, akasema siku 30 zimepita, nisubiri mpaka Novemba dirisha la wote litakapofunguliwa, bima ianze Januari.

Sasa soma hapa taratibu, kwa sababu hapa ndipo pesa yangu ilipozama. Zile siku 30 ni za mambo mengine, kama kuoa au kupata mtoto. Ukipoteza Medicaid au CHIP (bima ya serikali ya watoto ambao kipato cha wazazi kimezidi kidogo kile cha Medicaid), sheria ya shirikisho inakupa siku 60 za kuingia bima ya mwajiri bila kungoja Novemba. Sitini! Imekuwa hivyo tangu 2009. Siku namuuliza yule dada wa HR, bado nilikuwa ndani ya muda. Angefungua kijitabu cha kampuni yake mwenyewe angeiona, maana imeandikwa humo. Lakini hakufungua, na mimi sikubisha, kwa sababu alikuwa na kadi shingoni na mimi nilikuwa mgeni. Soko la bima za kununua mwenyewe nalo lina siku zake 60 ukihama, nazo zikapita nikiwa nangoja Novemba kwa utii.

Oktoba binti akaanza kulia tumbo usiku. Kidole tumbo. Akapasuliwa alfajiri, akapona, namshukuru Mungu, leo anaruka kamba na kunidai simu. Bili ilipofika nikadhani wamekosea wakaandika namba ya simu. Zaidi ya dola elfu thelathini, na bado daktari wa usingizi alituma ya kwake pembeni. Nikapiga Minnesota nikiomba walipe. Mama wa watu akanijibu kwa upole kabisa kwamba tulishatoka, na kwamba dharura ya nje ya jimbo wanamlipia mkazi wao aliyesafiri, siyo aliyehama. Cheka tu, mimi mwenyewe huwa nacheka nikiwa peke yangu ndani ya gari.

Iliyoniokoa nusu ni kitu ambacho hakuna aliyenitajia, nilikiona nyuma ya bili kwa maandishi ya sisimizi. Hospitali zisizo za faida zinalazimika kuwa na utaratibu wa kuwasaidia wasioweza kulipa, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Wakapunguza. Kilichobaki nakilipa kila mwezi mpaka sasa.

Turudi kwako, maana wewe uko pabaya kuliko unavyodhani. Hata ukiomba Texas siku ya kwanza, 75,000 hiyo inawatupa watoto nje. Kila jimbo linapima kwa kiwango cha umaskini cha shirikisho, ambacho mwaka 2025 kwa watu wanne kilikuwa dola 32,150. Minnesota inawachukua watoto mpaka asilimia 275 ya hapo, yaani kama dola 88,000. Texas, hata kwenye CHIP yake, inaishia asilimia 201, kama 64,600. New York inasaidia mpaka asilimia 400. Baba yule yule, mshahara ule ule, watoto wale wale. Ndiyo maana kwa miaka mingi Texas inaongoza nchi nzima kwa watoto wasio na bima, na Massachusetts ndiyo inafunga mkia. Nasikia watu wanasema Texas hawakukati kodi ya mapato ya jimbo. Kweli hawakati. Nilifurahia sana mpaka Oktoba.

Na usidanganywe na majina. Wisconsin wanaiita BadgerCare, Georgia PeachCare, Washington Apple Health (si ya kampuni ya simu, niliuliza). Majina matamu, masharti kila mmoja na yake.

Kwa hiyo fanya hivi: mumeo atangulie, watoto wabaki Minnesota na wewe. Akiajiriwa tu, ndani ya siku anazopewa mfanyakazi mpya kujiandikisha, awajazie watoto bima ya kazini, hata makato yaume. Mwajiri anaweza kumweka mfanyakazi akingoja mpaka siku 90, kwa hiyo aulize tarehe, na tarehe hiyo aipate kwa maandishi. Barua ikija na tarehe ya watoto kuanza, hapo ndipo unafunga mabegi. Bila barua hakuna lori. Mzee wa tai akikuambia vingine, mwombe aandike na asaini kwamba atalipa yeye.

Kama mshahara utatoka mdogo kuliko alivyoahidiwa, basi mkifika ombeni siku hiyo hiyo kupitia YourTexasBenefits, hakuna sharti la kukaa jimboni muda fulani kwanza. Huyo wa pumu mchukulie dawa zake za kuvuta kabla hujaondoka, wakati kadi bado inasoma. Chanjo zisikutie hofu, mtoto asiye na bima anapata bure kila jimbo kwa mpango wa Vaccines for Children.

Gari sijui, uza. Houston sijawahi kuishi, wengine watakuambia.

Mumeo anaanza kazi tarehe ngapi, na kampuni imemwambia bima inaanza lini? Andika hapa hapa, nipo.