Jibu: Nani aliyeufanya uuguzi kuwa taaluma Uganda?
Ndugu, umeuliza iwapo Uganda ilikuwa na mtu aliyeuinua uuguzi kuwa taaluma, kama Florence Nightingale alivyofanya Uingereza alipoanzisha shule yake London mwaka 1860. Mimi humtaja kwanza Katharine Cook, muuguzi wa miaka ya mwanzo ya Hospitali ya Mengo, iliyofunguliwa mwaka 1897. Kazi yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni shule ya wakunga aliyoisimamia hapo Mengo, ambako wasichana wa Uganda walifundishwa, wakatahiniwa, kisha wakapelekwa kuhudumu katika vituo vya uzazi vijijini. Yeye na mumewe, daktari Albert Cook, waliandika hata mwongozo wa ukunga kwa Kiluganda. Huko Nsambya, mtaa wa Kampala, mtawa Mama Kevin naye alianzisha mafunzo ya wakunga.