Baraza la Wafumaji: Nimechoka Kufuma Simba

Swali la kwanza

Shikamoo Mama. Mimi ni mfumaji wa kroshia hapa Iringa, na huu ni mwaka wa tatu ninafuma mavazi ya wanyama ya watoto wachanga, ambayo wazazi huwavisha watoto wao siku ya kupigwa picha za kumbukumbu. Vazi lililonipatia wateja ni la simba: kofia yenye masikio na manyoya, pamoja na kaptura yenye mkia. Pateni ile, yaani maelekezo ya kufuma, niliinunua, si yangu, na kila ninapojaribu kubuni ya kwangu mwenyewe kofia hutoka kubwa kupita kiasi au huchongoka juu kama pia ya kuchezea, nami huifumua na kumrudia simba yule yule. Tangu mwezi uliopita hata kuishika sindano sitaki. Je, ubunifu unaweza kumwishia mtu?
*Msomaji wa Iringa*

Jibu

Marahaba, binti yangu. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni kwamba ubunifu umekuishia. Umechoshwa na kazi ambayo maamuzi yake yote yalikwisha kufanywa na mtu mwingine, na kila ulipotaka kuamua mwenyewe umekwama mahali pamoja, yaani kwenye vipimo vya kofia. Mtu anayefumua mara kwa mara bila kujua kosa liko wapi lazima achoke, hata awe na kipaji cha namna gani. Kwa hiyo naomba tuanze na kofia, kisha tuzungumze juu ya moyo.

Kichwa cha mtoto aliyezaliwa karibuni huwa na mzunguko wa takriban sentimita 34 au 35. Akifika miezi mitatu huwa karibu sentimita 40, na akifika mwaka mmoja huwa kati ya sentimita 45 na 46. Kofia ya kufuma hunyumbulika, hivyo huifanya ndogo kuliko kichwa kwa sentimita mbili au tatu. Tuseme unamfumia mtoto wa miezi mitatu na unataka kofia ya sentimita 38. Kabla ya lolote, fuma kipande cha majaribio cha mraba kwa uzi na sindano utakayotumia, kipana kuliko sentimita 10, kisha hesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10 za katikati. Ukipata vitanzi vifupi 16 (vile vya kuchomeka sindano bila kuizungushia uzi kwanza), basi sentimita 38 zinahitaji vitanzi 60 na ushee, nawe utachukua 60. Sasa anza duara kwa vitanzi sita na uongeze sita kila mzunguko: 6, 12, 18, 24, hadi mzunguko wa kumi utakapofikia 60. Kuanzia hapo usiongeze tena, bali fuma moja kwa moja mpaka kofia ifikie kina cha kama sentimita 14 kutoka utosini.

Kofia yako inachongoka kwa sababu unaongeza vitanzi vichache mno katika kila mzunguko. Ungeongeza vingi mno ingejikunja kama pindo la gauni. Sita ni hesabu ya kitanzi kifupi. Ukitumia kitanzi kirefu, kile cha kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuichomeka, unaanza na vitanzi 12 na kuongeza 12. Ukishaijua hesabu hii, kofia ya mnyama yeyote utaifuma bila kutazama karatasi, na hilo litakuondolea nusu ya mzigo unaokulemea.

Nusu ya pili ni kumtambua mnyama. Niliwahi kubuni vazi la twiga nikaifumua kofia mara nne, kwa sababu nilitaka shingo isimame juu ya kichwa cha mtoto, nayo kila mara ilimwangukia machoni. Nilipotulia na kumtazama twiga vizuri, niliona zile pembe mbili fupi zenye vishungi vyeusi nchani, pamoja na mabaka ya kahawia yanayotenganishwa na mistari ya rangi ya maziwa. Nikaiacha shingo kabisa, nikafuma pembe mbili zenye urefu wa kidole gumba, na kila aliyeiona kofia ile alisema ni twiga. Tangu hapo, kabla sijakata uzi, najiuliza ni alama zipi mbili ambazo mtu akiziona atamtaja mnyama huyo bila kuambiwa. Zikiwa tatu, nzuri. Zikizidi hapo, vazi linakuwa zito na mtoto hatalivumilia.

Wewe upo Iringa, na kama umewahi kusafiri kwa basi kwenda Dar es Salaam umepita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambapo pundamilia, nyani na twiga huonekana kutoka barabarani. Safari ijayo kaa dirishani na daftari badala ya simu. Picha za kazi za wenzako zinazopita kwenye simu zinakuonyesha majibu ya watu wengine, na ukizitazama jioni nzima unalala ukiamini kwamba kila kitu kimekwisha kufumwa. Mbona sijawahi kumwona mtoto aliyevishwa vazi la kanga? Namaanisha ndege, yule ambaye inasemekana leso zetu zimepata jina kutokana na madoa yake. Mwili wake ni wa kijivu kilichokolea wenye madoa meupe, shavu lake lina rangi ya samawati, chini ya mdomo kuna vipande vyekundu vinavyoning'inia, na juu ya kichwa ana kishungi kigumu kama kipembe. Kofia yake ni ile ile ya vitanzi 60. Madoa hutariziwa kwa uzi mweupe baada ya kofia kukamilika, mashavu ni viduara viwili vya mizunguko mitatu, na kipembe ni pia ndogo, ile ile inayokukera sasa, safari hii ukiichongoa kwa makusudi.

Utaona kwamba ninakushauri ubuni kwa vipande. Wanawake wa Ireland walioigeukia kroshia kujipatia riziki baada ya viazi kuoza mashambani kuanzia mwaka 1845, walifuma kila ua na kila jani peke yake, kisha wakaviunganisha kwa wavu mwembamba wa uzi. Nawataja kwa sababu utaratibu huo unamfaa sana mtu aliyechoka: sikio moja linakamilika katika dakika ishirini, na kukamilisha kitu, hata kidogo, hurudisha hamu ya kazi kuliko maneno ya kutiana moyo. Weka bati au kopo la vipande. Masikio, mikia na pembe zisizo na vazi zihifadhi humo, na pembeni ya kila kimoja bandika karatasi yenye namba ya sindano, uzi uliotumika na idadi ya vitanzi kila mzunguko. Siku utakayokosa wazo, mwaga kopo hilo mezani. Mkia uliokusudiwa kuwa wa paka huenda ukawa mkonga wa tembo, na karatasi zile ndizo zitakazokuwa pateni yako mwenyewe, iliyoandikwa kwa mkono wako.

Kuna mipaka ambayo sitaki uivuke hata wazo likiwa zuri kiasi gani. Usitumie vifungo wala shanga kwa macho, maana mtoto hung'oa na kumeza. Yatarizi kwa uzi. Usiweke kamba ya kufunga shingoni. Usiache nyuzi zinazoning'inia ndani ya soksi au glavu za vazi, kwa kuwa uzi mmoja unaweza kujisokota kwenye kidole cha mguu na kuzuia damu bila mzazi kujua mtoto analilia nini. Mwambie pia kila mteja kwamba mtoto avuliwe vazi na kofia kabla ya kulazwa. Manyoya ya simba wako, kama ni nyuzi zilizofungwa moja moja, mtoto atazivuta na kuzitia kinywani. Jaribu badala yake kuyafuma kama vijani vidogo vilivyobana, vilivyopangwa safu mbili kuuzunguka uso. Huenda ukagundua kwamba simba huyo mpya, ambaye ni wa kwako, hakuchoshi kama yule.

Kuhusu kutotaka kushika sindano, pumzika kwa siku kadhaa bila kujilaumu, hasa kama kiganja na kifundo cha mkono vinauma, kwani mara nyingi mwili ndio unaokataa nasi tunadhani ni moyo. Ukirudi, usipokee oda mpya za simba mpaka umalize kipande kimoja ambacho hakuna aliyekiagiza. Na mimi nina zoea moja ambalo limenisaidia kwa miaka mingi: siachi kazi mwisho wa mzunguko, naiacha katikati, mahali ambapo najua kitanzi kinachofuata ni kipi. Asubuhi yake mkono unaanza wenyewe kabla kichwa hakijapata nafasi ya kusita.

Swali la pili

Mama, nakuamkia kwa heshima. Nimepata kwenye intaneti pateni ya kofia ya dubu ya mtoto wa miezi mitatu, nikaifuata neno kwa neno, lakini imemwenea mwanangu wa miaka mitatu. Je, pateni ina makosa?
*Mfumaji wa Kisauni, Mombasa*

Jibu

Huenda pateni haina kosa lolote, mwanangu. Waingereza na Wamarekani huviita vitanzi vile vile kwa majina tofauti: kitanzi kifupi, ambacho Wamarekani hukiandika kwa kifupisho "sc", Waingereza hukiandika "dc", na hiyo "dc" kwa Mmarekani ni kitanzi kirefu. Nadhani pateni yako imeandikwa kwa majina ya Waingereza, nawe ulijifunza kwa majina ya Wamarekani, kwa hiyo kila mahali palipotakiwa kitanzi kifupi umeweka kirefu na kofia imekuwa kubwa. Pitia karatasi nzima utafute kifupisho "sc". Ukikiona, pateni ni ya Kimarekani, na usipokiona popote, ifume upya kwa vitanzi vifupi. Fuma pia kipande cha majaribio, kwa hesabu niliyomweleza mwenzako wa Iringa. Na kwa joto la Mombasa nakushauri uachane na uzi wa nailoni na akriliki, utumie wa pamba. Haunyumbuliki sana kama huo mwingine, kwa hiyo punguza sentimita moja tu kwenye kipimo cha kichwa badala ya mbili au tatu.