Ule wepesi wa kichwa baada ya kukimbia
Mdogo wangu, umeuliza kama ule wepesi unaousikia ukishakimbia ni kweli ama unajidanganya. Ni kweli kabisa! Wengi wanasema ni endofini, kemikali ya mwili ya kupunguza maumivu, ila endofini za kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo, inayopenya ni anandamaidi, kemikali nyingine ambayo mwili unaitengeneza wenyewe na inashika palepale bangi inaposhika, huenda ndo maana wasiwasi unashuka. Na usiishie wiki mbili jamani, kuna utafiti wa Marekani wa 2011, wazee walitembea dakika 40 mara tatu kwa wiki mwaka mzima, hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, ikakua kama asilimia 2. Nenda mwendo ambao bado unaweza kupiga stori, na hizo dawa za sonona unazotumia usiziache kabla hujaongea na daktari, nakuomba sana.