Ukienda Dar es Salaam Kujifunza Sanaa, Jua Unakwenda kwa Nani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Masasi aliniandikia: "Shikamoo kaka, ni lazima nihamie Dar ili niishi kwa uchongaji?" Swali lake limenikuta katika furaha, kwani mwezi huu nimeuza kinyago kwa bei niliyoitaja mwenyewe, na mnunuzi akaomba jina langu liandikwe kwenye risiti. Ushauri wangu ni kwamba aende, ila ajue mapema anakwenda kukaa miguuni pa nani.

Mimi nilitoka Newala nikiwa nimekwisha kushikishwa tezo na mjomba wangu, ambaye kwa desturi yetu Wamakonde ana sauti kubwa juu ya mtoto wa dada yake. Chakula nilikipata kwa kubeba marobota Kariakoo, na Jumapili nilikwenda kwenye kijiji cha wachongaji pale Mwenge. Mzee aliyenipokea hakunipa gogo wala patasi, alinipa msasa, akaniambia, "Mwanangu, anza na kazi za wenzako." Nawaambia vijana wasilidharau jambo hilo. Unapokilainisha kinyago cha mtu mwingine, vidole vyako vinapita kila mahali alipopita yeye, na unatambua kwamba tupa ikizidi kidogo tu pale goti linapokunjwa, mfupa unapotea na mguu unabaki kama umevimba. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoweza kukufundisha hilo.

George Lilanga, mchoraji na mchongaji maarufu, mwana wa kusini huku aliyezaliwa mwaka 1934, aliingia Nyumba ya Sanaa jijini humo akiwa mlinzi, na mwaka 1978 kazi zake zikaoneshwa Washington. Kwa hiyo kijana asione haya kulinda lango, kufagia au kuchemsha chai mahali ambapo sanaa inafanyika, maana kazi ndogo iliyo karibu na mafundi ina faida kuliko mshahara mnono ulio mbali nao.

Mji mkubwa una walimu wengine wasiosema. Maktaba Kuu iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ndiyo iliyonifundisha mifupa ya kiganja, kwa kuwa nilikaa humo na penseli nikinakili michoro ya vitabu vya tiba hadi nikaweza kuchonga mkono unaoshika kitu kwelikweli. Wengi wanapita nje ya jengo hilo wakikimbilia daladala, kisha wanalalamika kwamba jiji halina nafasi kwa mtu asiye na fedha.

Lakini jiji lina wezi wa jasho pia. Mfanyabiashara mmoja alinunua vinyago vyangu kwa bei ya kutupa, akalifuta jina nililolichonga chini ya kila kimoja, kisha akaviuza kwa wageni kama kazi isiyo na mwenyewe. Maumivu hayo ninayo hadi leo. Ndiyo maana nasisitiza: andika jina lako, piga picha kila kazi kabla haijatoka mikononi mwako, na uweke daftari lenye tarehe, bei na jina la mnunuzi. Kijana asiyeweka daftari anawatajirisha wengine, na wazazi waliouza korosho ili apate nauli hawastahili malipo ya namna hiyo.

Sasa ninaishi Mtwara mjini na bado ni mwanafunzi. Mpingo uliosuguliwa vizuri unang'aa, na ukiupiga picha juani, sehemu moja inakuwa nyeupe na nyingine inazama gizani. Binti mwenye studio ya picha jirani yangu, mdogo kwangu kwa miaka mingi, ananifundisha kukiweka kinyago kivulini, pembeni ya mlango ulio wazi, na kuuelekeza mwanga upande wa pili kwa kanga nyeupe, na somo linalofuata tumekubaliana liwe la kuandika maelezo ya kazi ili mnunuzi wa mbali ajue kilichochongwa ni nini na mchongaji ni nani.