Maswali ya Wasomaji: Kobe Mwenye Vilima Mgongoni, Fisi Asiyehesabiwa na Chatu Anayesusa

SWALI: Bustani yetu ina kobe watano wa aina ile yenye mabaka ya manjano na meusi, walioletwa wakiwa wadogo wa kutosha kiganjani. Banda lao lina paa la plastiki linalopitisha mwanga, na chakula ni kabichi, nyanya, ndizi na mchicha. Mwaka wa nne sasa, magamba yamepanda vilima vilima na mmoja anaburuta tumbo. Tumeambiwa ni minyoo, tuwachome sindano ya mbuzi. Tufanyeje?
*Mhudumu wa wanyama, Morogoro*

JIBU: Msiwachome. Dawa ya sindano wanayochomwa mbuzi mara nyingi ni ivermektini, na kwa kobe hiyo ni sumu: misuli hulegea hadi anashindwa kuvuta pumzi. Pelekeni kinyesi kipimwe kwanza. Kikionyesha minyoo, daktari wa mifugo ana fenbendazoli, dawa ya minyoo, naye ataitoa kwa uzito wa kila kobe.

Tunachokishuku zaidi ni paa lenu. Plastiki, kama kioo, inaweza kupitisha mwanga na joto huku ikizuia UVB, mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, ambayo ngozi ya kobe huitumia kutengeneza vitamini D3. Bila vitamini hiyo, kalsiamu inapita tu tumboni bila kufyonzwa, na mwili unaanza kuichota mifupani. Chakula nacho kinazidisha. Kobe anahitaji kalsiamu takriban mara mbili ya fosforasi, na kwenye ndizi na nyanya fosforasi ndiyo nyingi. Mchicha una kalsiamu ya kutosha, ila asidi ya oksaliki iliyomo huishika isitumike.

Fungueni nusu ya paa leo hii. Nusu nyingine ibaki kivuli, maana kobe asiye na pa kujificha saa saba mchana anaweza kufa kwa joto. Kwenye beseni la chakula, sehemu nne kati ya tano ziwe nyasi, ukoka kwa mfano, na ya tano iwe mchunga, majani na maua ya hibiskasi, au mpungate uliotolewa miiba. Ndizi iondoeni kabisa. Wekeni kifupa cha dome, yule wa baharini wa jamii ya ngisi, bandani wajitafunie. Mkikosa, nyunyizeni chokaa ya chakula cha kuku kidogo juu ya majani mara 3 kwa wiki. Ya kuku, si ya kupakia ukuta, maana hiyo inaunguza kinywa.

Vilima vilivyokwisha kuota havishuki. Angalieni mstari mpya wa rangi hafifu kati ya kigae na kigae cha gamba: ukiota bapa, mmefaulu. Ukavu wa utotoni nao huchangia sana, kwa hiyo watoto watakaoanguliwa walowekwe kwenye maji ya uvuguvugu yasiyopita kidevu, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa wiki. Ile rojo nyeupe inayotoka na mkojo iwe laini kama dawa ya meno. Ikiwa na chenga kama mchanga, kobe ana kiu.

Yule anayeburuta tumbo msimsubirishe. Bonyezeni taratibu ukingo wa gamba kwa kidole gumba. Gamba la kobe wa umri huo halitakiwi kubonyea. Libonyee au lisibonyee, apigwe eksirei, kwa sababu mayai yaliyokwama au jiwe kibofuni huleta dalili hiyohiyo.

SWALI: Kizimba chetu cha fisi kina chumba cha ndani na uwanja, katikati mlango wa kushushwa kwa waya. Mwenzetu aliingia kufagia uwanja akijua wote watatu wamefungiwa ndani, kumbe mmoja alikuwa nyuma ya jiwe. Alitoka salama. Kosa liko wapi?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: "Akijua" ndilo kosa. Fisi wanahesabiwa kwa macho, kwa sauti, na watu wawili: mmoja anasema "watatu, wote ndani", wa pili anasogea awaone mwenyewe kabla ya kuitikia. Asiyeonekana anahesabiwa kuwa yuko nje.

Waiteni ndani kwa chakula, shusheni mlango, halafu mtazame chini. Kipande cha mfupa au tope kwenye reli huacha mwanya wa vidole vinne, na fisi anaingiza pua na kuunyanyua mlango wote. Waya peke yake hauzuii kitu, unahitajika msumari wa chuma unaopita kwenye fremu, na kufuli juu yake. Kufuli livutwe kwa mkono, kwani mara nyingi huonekana limefunga kumbe ulimi haujaingia. Ufunguo akae nao mfukoni yule anayeingia, usitundikwe ukutani.

Mlango wa kuingilia uwanjani uwe na kichumba cha milango miwili, na wa kwanza ufungwe kabla ya wa pili kufunguliwa. Mkitoka, hesabuni reki, ndoo na mpira wa maji. Fisi hutafuna vyote vitatu.

SWALI: Chatu wetu jike wa mita 3 hajala wiki ya saba. Tumemwachia sungura hai usiku kucha, hamgusi.
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Mtoeni sungura huyo. Windo hai lililoachwa humjeruhi nyoka asiye na hamu, na panya ndiye mbaya zaidi. Wiki saba kwa chatu aliyekomaa si njaa. Macho yakiwa na ukungu wa kibuluu, anakaribia kujivua ngozi. Huenda pia ana mayai, au banda ni baridi. Upande wa joto usome nyuzi 30 hadi 32. Baada ya kujivua, mpeni windo lililokwisha kuuawa, la moto kidogo, kwa koleo ndefu, wahudumu wakiwa wawili. Akimeza, asishikwe kwa siku 2, la sivyo atalitapika. Mpimeni uzito kila wiki. Akipungua zaidi ya asilimia 10, au akitoa mapovu mdomoni, aonwe na daktari.

SWALI: Nimemaliza kidato cha nne. Nisome wapi kazi hii?
*Msomaji, Shinyanga*

JIBU: Anza na Pasiansi, Mwanza, au Mweka, Kilimanjaro. Vyuo vyote viwili hulenga zaidi hifadhi kuliko vizimba, kwa hiyo ukipata nafasi ya mafunzo kwa vitendo, omba bustani ya wanyama na uanzie jikoni, kwenye kupima chakula.