Mwanangu na PlayStation, mimi na TikTok: mchezo ni upi?

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Mimi ni mjane, nauza mahamri na mbaazi hapa Majengo, Mombasa. Mwanangu wa miaka 16 alikuwa akienda kucheza mpira wa PlayStation kibandani kila baada ya laasiri. Ustadhi wetu wa darsa akasema kila mchezo wa kwenye skrini ni haramu, na anayeucheza ni kama aliyetia mkono katika nyama na damu ya nguruwe. Nilimkataza mtoto, hakusikia. Nikavunja pedi yake ya kuchezea aliyoinunua kwa pesa zake, naye akahamia kwa nyanyake Kisauni. Ndugu yangu akaniambia: "Na wewe je? Usiku kucha uko TikTok unatuma waridi kwenye mechi za watu. Huo si mchezo?" Nikamjibu kuwa TikTok si mchezo, lakini tangu hapo moyo hautulii. Mchezo hasa ni nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mamangu, Mungu amrehemu mumeo. Nilianza kuandika hukumu, nikakwama pale uliposema mtoto amehama. Mtoto akiondoka nyumbani kwa mamake kwa sababu ya fatwa, na fatwa yenyewe ikawa na kasoro, sisi tunaosomesha ndio wa kuulizwa kwanza.

Hadithi aliyoitaja ustadhi ni sahihi, ameipokea Imam Muslim kutoka kwa sahaba Burayda. Lakini Mtume (s.a.w.) hakutaja kila mchezo. Alitaja nardashir, mchezo unaoendeshwa na dadu. Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wakatenga mchezo unaotegemea dadu inavyoanguka na ule unaotegemea fikra. Sataranji, yaani chesi, Imam Nawawi aliihesabu makuruhu, ni bora kuiacha lakini si haramu. Haramu inakuja ikiingia dau au ikimpotezea mtu sala. Kijana anayecheza mpira wa PlayStation anatumia jicho, vidole na hesabu. Dadu iko wapi? Kuchukua neno kali la Mtume juu ya kitu kimoja ukalimwagia kila chenye skrini ni kumsemea Mtume ambalo hakulisema, na hilo ni zito kuliko PlayStation zote za Mombasa. Kuna na hadithi nyingine wanayoipenda wanaoharamisha michezo yote, kwamba kila anachocheza mtu ni batili ila kutupa mishale, kumfunza farasi wake na kucheza na mkewe. Imam Ghazali alishaeleza kuwa batili hapo ni kisicho na faida, hapana dalili ya uharamu. Na lau ingekuwa ni haramu, Wahabeshi wangechezaje na mikuki ndani ya msikiti siku ya Idi, naye Mtume amesimama akimsitiri Bibi Aisha atazame mpaka achoke mwenyewe?

Soma na Surat Yusuf. Ndugu zake walimwomba baba yao aende nao, afurahi na acheze. Nabii Yaaqub hakuusema mchezo kwa ubaya. Alisema anachelea mbwa mwitu. Basi na sisi tumtafute mbwa mwitu yuko wapi.

Mwanafalsafa mmoja, Bernard Suits, alisema kucheza ni kujitwika kwa hiari vizuizi ambavyo havikuwa vya lazima. Ni kweli: ingekuwa haja ni mpira uingie wavuni tu, mtu angeubeba kwa mikono. Mimi naongeza jambo ambalo wazee wa bao wa Mji wa Kale wanalijua bila kusomeshwa, nalo ni kuwa mchezo una mpaka. Mashimo 32, kete 64, basi. Aliyefungwa amefungwa, anainuka hadaiwi kitu, na kesho anamwamkia aliyemfunga kama jana. Adhana ikilia, bao linangoja. Ushindi na ushinde vyote vinabaki pale pale ubaoni.

Mpira wa mwanao una dakika zake na firimbi ya mwisho. Ni mchezo, na asili yake ni halali. Mbwa mwitu wake namjua, kwa kuwa vijana wenyewe wamenieleza: katika vibanda vingi anayeshindwa ndiye anayelipia mechi. Hapo wawili wamewekeana dau, mmoja anacheza bure kwa mfuko wa mwenzake, na hiyo ni kamari hata zikiwa shilingi ishirini. Kila mmoja alipe nusu yake, mambo yamekwisha. Mbwa mwitu wa pili ni vile vifurushi vya wachezaji, unalipa pesa halisi bila kujua utatokewa na nani. Ubelgiji, mwaka 2018, tume yao ya michezo ya kubahatisha iliamua kwamba visanduku vya namna hiyo vinavyolipiwa ni kamari. Wao wameliona, na sisi tunahangaika na skrini.

Ama TikTok, nimeomba nionyeshwe hizo mechi. Watu wawili wanawekwa uso kwa uso, dakika tano, na mstari wa pointi unasukumwa huku na huku na watazamaji wanaonunua koini na kutuma waridi. Saa ipo, pointi zipo, mshindi yupo. Lakini wewe unayelipa hukucheza. Kizuizi pekee unachokishinda ni mfuko wako, na ikiisha hii inaanza nyingine mpaka alfajiri. Wako wanaoiita kamari. Sikubaliani nao, kwa sababu wewe hutarajii kurudishiwa pesa, na aliyeshindwa hanyang'anywi zawadi zake. Ni hiba, zawadi ya bure. Ila mjane akitoa pesa ya unga kumpa asiyemjua ili azidi pointi, huo ni ubadhirifu, na Surat Al-Israa imewaita wabadhirifu ndugu wa mashetani. Nalisema kwa upole, mamangu, kwa kuwa nadhani najua unachokinunua. Nyumba iko kimya, saa tano usiku, na mtu analitaja jina lako na kukushukuru.

Tazama aya ya 20 ya Surat Al-Hadid: maisha ya dunia ni mchezo, na pumbao, na pambo, na kujifakhirisha baina yenu, na kushindana kwa wingi wa mali na watoto. Mambo matano, kila moja na jina lake. Mitandao inakukaribisha kwa jina la kwanza na kukulaza kwenye la tano. Snapchat inahesabu siku ambazo marafiki wawili wametumiana picha bila kukatiza. Ikipita siku, hesabu inavunjika. Binti anayetuma picha ya dari ili hesabu isikatike hachezi, wala haongei na rafikiye. Urafiki umetiwa pointi, na pointi hizo hazina ubao wa kubaki juu yake, analala nazo.

Kwa hiyo mwanao alikuwa akicheza. Wewe ulikuwa ukihesabiwa.

Nenda Kisauni mwenyewe, usimtume mjomba. Pedi ile mlipie, hata kidogo kidogo, na umwambie kwa mdomo wako kuwa ulikosea. Kisha mpatane: baada ya laasiri, kabla ya magharibi, nusu kwa nusu, bila vifurushi. Siku moja kaa naye akuonyeshe, na usiinuke mpaka uchoke wewe. Ustadhi wenu nitazungumza naye mimi. Jibu hili usimsomee mbele ya watu. Wallahu aalam.