Fizikia asiiache

Dada yangu wa Ngamiani, umeuliza kama binti yako wa kidato cha pili aiache fizikia kwa kuwa shangazi zake wanasema ni somo la wavulana. Asiiache! Akiiacha, kidato cha tano tahasusi za PCM (fizikia, kemia na hisabati) na PCB (fizikia, kemia na biolojia) zote zinamfungia mlango, na uhandisi na udaktari huanzia humo.

Nimefundisha maabara miaka mingi. Wavulana hung'ang'ania ammita, kile kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, wasichana wanaachiwa daftari waandike majibu. Mwambie aunganishe nyaya kwa mikono yake, hata balbu ikigoma mara tatu.

Jioni mpunguzie kazi. Kaka yake naye aoshe vyombo. Na siku moja mpeleke mahali paitwapo Amani, kule Muheza mkoani Tanga, ambako utafiti wa kisayansi ulianza mwaka 1902.